Familia nzima kwenda nje kufundisha watoto wa mazingira magumu, inasaidia kweli?

Siku hizi kuna familia zinaamua baba, mama na watoto wote wafunge mizigo waende nchi nyingine kujitolea kufundisha watoto wanaoishi kwenye mazingira magumu, wengine wiki mbili za likizo, wengine mwaka mzima, na kila suala hili likitajwa watu wanagawanyika, hawa wanasema ni utu na wale wanasema ni utalii tu. Mi naona pande zote mbili zinabishania moyo wa anayeenda, wakati cha kuuliza ni atakaa muda gani na nani mwenye darasa.

Faida zipo. Uhaba wa walimu ni wa kweli, UNESCO mwaka 2023 ilikadiria dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 mpaka 2030. Na familia ina kitu ambacho kijana anayekuja peke yake hana, watoto wao wanacheza na watoto wa pale, lugha wanaishika haraka kuliko wazazi, mama anazoeana na kina mama wenzake, yaani mnakuwa majirani. Jirani ndo anaambiwa kwa nini mtoto fulani haonekani shule siku mbili kila wiki, mgeni wa kupita haambiwi.

Ila ujirani hauji kwa wiki mbili. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji mtu anayejua jana aliishia wapi, sasa wakija wageni wapya kila mwezi kila mmoja anaanza na nyimbo na majina ya rangi, watoto wanaimba vizuri kabisa lakini kusoma bado, na mwalimu wao anakaa pembeni anasubiri waondoke arudi kwenye silabasi. Padri na mwandishi Ivan Illich mwaka 1968 kule Cuernavaca, Mexico, aliwaambia vijana wa Kimarekani usoni kwamba waje kutembea, waje kujifunza, ila wasije kusaidia. Kwangu alizidisha, maana kuna shule mtu mwenye ujuzi wa hisabati akikaa mwaka anaacha kitu.

Kwenye vituo vya yatima hapo sina pande mbili. Kambodia kati ya 2005 na 2010 vituo viliongezeka kwa asilimia 75 hivi, na watoto wengi waliokuwemo walikuwa na mzazi aliye hai. Wageni wanaleta hela, kituo kinahitaji watoto wa kuonyesha, basi watoto wanatafutwa vijijini kwa wazazi maskini kwa ahadi ya shule. Australia mwaka 2018, ilipokuwa inatunga sheria ya utumwa wa kisasa, ililitambua hilo kuwa aina ya utumwa. Familia yenye nia safi kabisa inaweza kuwa ndo inalipia mtoto atengwe na mama yake.

Halafu kuna suala la hela. India shirika la Pratham liliwachukua wasichana wa mitaa ileile, sio walimu waliosomea, wakafundisha watoto waliobaki nyuma kusoma na kuhesabu, na utafiti wa wachumi kina Abhijit Banerjee na Esther Duflo ulionyesha watoto walipanda. Nauli ya ndege ya watu wanne inaweza kumlipa msaidizi kama huyo muda mrefu. Wanaotetea safari wanajibu kwamba hiyo hela isingetumwa kama wasingeenda, na ni kweli, watu wengi wanatoa kwa walichokiona kwa macho yao.

Kinachoniuma zaidi ni ile sababu ya "tunataka watoto wetu wajifunze kushukuru". Mtoto maskini sio somo la mtoto wa mwenzie, ana aibu zake na ana haki asipigwe picha akiwa na daftari lililochanika.

Kwa hiyo familia inayotaka kwenda ningeiambia iandikie shule kwanza iulize mwalimu wa pale anataka nini, na wakijibiwa "njooni tu, chochote sawa" wasiende. Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu kujitolea nje, ya tangu 1961, inawaweka watu wake miezi 27, ya mwanzo ikiwa mafunzo ya lugha na kazi kabla ya kukabidhiwa chochote. Familia haiwezi miezi 27, sawa, lakini muhula mmoja chini ya mwalimu mwenyeji, mkimsahihishia madaftari na kukaa na wale watoto watano walioachwa nyuma, huo unawezekana.