Kura ya maamuzi ya 2010: Wamarekani walikuwa pande zote mbili

Kila mjadala wa kurekebisha katiba unapozuka Kenya, hurudi dai kwamba mrengo wa La mwaka 2010, yaani uliopinga rasimu ya katiba mpya kwenye kura ya maamuzi, ulikuwa mradi wa wahafidhina Wakristo wa Marekani. Dai hilo halikuzuka hewani. Lakini likitamkwa hivyo tu, linawafuta Wakenya kwenye historia yao wenyewe.

American Center for Law and Justice, shirika la mawakili lililoanzishwa na mhubiri Pat Robertson mwaka 1990, lilikuwa na tawi Nairobi kabla ya kura ya Agosti 4. Tawi hilo liliipinga rasimu waziwazi kwa sababu mbili: kifungu cha 26, kilichoruhusu kuavya mimba iwapo mhudumu wa afya aliyehitimu ataona maisha au afya ya mama imo hatarini, na kifungu cha 170 kuhusu Mahakama za Kadhi.

Hili la Kadhi ndilo linaloniuma zaidi. Mahakama hizo hazikuletwa na rasimu. Zilikuwemo katika katiba ya uhuru, baada ya makubaliano ya 1963 baina ya Jomo Kenyatta na serikali ya Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa Pwani. Kazi yao ni ndoa, talaka na mirathi, na ni kwa Waislamu waliokubali kufika mbele yao. Wa Lamu au Kwale alilijua hilo tangu utotoni, ilhali wa bara aliambiwa huo ni mlango wa sharia kuitawala nchi. Hofu kama hiyo ilikuwa ikivuma Marekani pia: Novemba mwaka huohuo wapigakura wa Oklahoma walipitisha marufuku ya sharia katika mahakama za jimbo lao.

Hata hivyo, siwezi kusema hofu hiyo iliagizwa kutoka nje. Viongozi wa makanisa ya Kenya walikuwa wamefikisha suala la Kadhi mahakamani tangu 2004, na Mei 2010 Mahakama Kuu ikakubaliana nao. Maaskofu Wakatoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa hawakuhitaji wakili kutoka Washington kuwafundisha msimamo wao kuhusu mimba. Tena ngome ya La ilikuwa Bonde la Ufa, kwa William Ruto na Daniel arap Moi, ambako kilichowakosesha watu usingizi ni ardhi.

Na waliopiga La wana lao la kuuliza: mbona mgeni aliyesimama na Ndiyo hasemwi? Joe Biden, akiwa makamu wa rais, alifika Nairobi Juni na kuhimiza mageuzi. Mbunge wa New Jersey, Chris Smith, na wenzake walitaka uchunguzi kuhusu fedha za msaada wa Marekani wakidai zilisaidia upande wa Ndiyo, kinyume cha sheria yao inayokataza fedha hizo kutumiwa kushawishi kuhusu uavyaji mimba. Mimi naiunga mkono katiba hii kwa moyo wote, lakini hapo nawapa haki yao. Serikali inayotoa misaada ina uzito kuliko kundi la mawakili, hata kama neno lake ni jema.

Ndiyo ilipata zaidi ya kura milioni 6, La takribani milioni 2.8. Ushindi huo ulizima swali la fedha, na hapo ndipo tulipokosea. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inamzuia asiye raia kuchangia chama, ila tawi lile la mawakili wa Marekani halikuwa chama. Sheria ya Fedha za Kampeni ya 2013 ilipita chaguzi za 2017 na 2022 bila kutumika. Kura nyingine ya maamuzi ikiitishwa kesho, mpigakura wa Garissa au Kisii hatakuwa na daftari la kufungua ajue nani alilipia bango lililo mbele ya msikiti au kanisa lake.