Mtoto Aliyemruka Antony

Siku hizi ukiitwa mkutano wa wazazi, jiandae kuuziwa kitu. Safari hii, shule moja hapa Nakuru ilituletea kijana nadhifu mwenye tableti na gemu ya kuwafanya watoto wapende tamthilia za kale, hii ikiwa Julius Caesar ya Shakespeare, kuhusu kuuawa kwa Kaisari, mtawala wa Roma. Mtoto anazunguka mitaa ya Roma, anaokota sarafu, anakutana na Brutus, mmoja wa wauaji, anajibu maswali, anapata nyota. Wazazi wakapiga makofi.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa msichana aliyepewa tableti atuonyeshe. Alipofika mazishi ya Kaisari, Antony, rafiki wa marehemu, akaanza kuhutubia. Kidole cha mtoto kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuruka. Hotuba yote ikaenda zake, naye akarudi kwa sarafu.

Simlaumu. Kwenye gemu, maneno yanamchelewesha tu. Jukwaani, maneno ndiyo mchezo wenyewe! Antony pale hana jeshi; ana maiti na ulimi, na kwa ulimi huo anaugeuza umati uliokuwa ukimshangilia Brutus punde tu. Darasa zima liwe umati ule: watoto wapige kelele, wanyamaze, wageuke. Watamwelewa Antony kuliko sisi tuliokariri. Mbona makanga wa stejini wanageuza watu kwa mdomo kila asubuhi, na hakuna anayeona ni kazi ngumu kuwaelewa? Na lugha isiwe kisingizio: tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia hii, kazi ya Nyerere, ilichapishwa tangu 1963.

Tena msiniambie ng'ambo wamefaulu. Edward Castronova wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alipata dola 250,000 kutoka wakfu wa MacArthur ajenge ulimwengu wa Shakespeare ndani ya kompyuta, akauita Arden. Kufikia 2007 alikiri mwenyewe kwamba haufurahishi. Dawa aliyoipata? Mazimwi yaongezwe, Shakespeare apunguzwe. Hongera.

Haya, nakubali shingo upande: gemu itamfundisha mtoto nani alimuua nani. Hata kijitabu cha maswali na majibu hufanya hivyo, na hakiishi chaji.

Kinachoniuma ni pesa. Klabu ya drama ya shule iyo hiyo ikiomba nauli ya kwenda tamasha, jibu ni lile lile, hakuna bajeti. Watoto huvaa shuka za mama zao na kujiita maseneta. Kwa hivyo mchango wangu wa gemu msiusubiri. Nampelekea mwalimu wa drama, mkononi, na risiti nitadai.