Waziri wa Fedha Asiye na Fedha

Mimi ndiye waziri wa fedha wa nyumba yangu. Sikuchaguliwa na mtu, sikuapishwa, wala sina gari la wizara. Nilijiteua mwenyewe jioni moja baada ya kufungua bili tatu kwa mpigo, ya umeme, ya maji na ya intaneti, nikajihisi kama mtu aliyesomewa hukumu tatu mfululizo bila kuulizwa kama ana la kusema. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka chumba hadi chumba, nikizima hiki na kuchomoa kile, na watoto wangu wameizoea sauti ya ndara zangu kiasi kwamba nikifika mlangoni nakuta giza na watu wanaokoroma kwa bidii isiyo ya kawaida.

Adui wangu wa kwanza alikuwa chaja ya simu. Siku moja nilimwamsha mwanangu wa mwisho usiku wa manane ili anieleze ni kwa nini chaja imebaki ukutani ilhali simu yenyewe iko chini ya mto. Nilimhutubia kwa muda mrefu juu ya thamani ya jasho, na kwa kuwa hotuba hukausha koo, nilipomaliza nilikwenda jikoni, nikajaza birika la umeme hadi pomoni, nikalichemsha kwa ajili ya kikombe kimoja. Binti yangu mkubwa, ambaye tangu aanze kusoma fizikia amekuwa hana tofauti na mkaguzi mkuu wa hesabu, alikuwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi. Akanieleza kwa adabu zote kwamba birika letu ni la wati 2,000, kwamba likichemka kwa dakika 3 limekwisha kula sehemu ya kumi ya uniti, na kwamba chaja ya kisasa isiyo na simu hunyonya kiasi cha sehemu ya kumi ya wati. "Kwa hiyo, Baba," akasema, "hilo birika lako la sasa hivi ni sawa na chaja ile kukaa ukutani saa 1,000. Ni siku 41 na ushei."

Nilimjibu kwamba aende akalale.

Hata hivyo sikukubali kushindwa, maana kiongozi hukubali kosa pale tu anapokuwa amepata la kulifunika. Nilisubiri usiku uingie, nikapita sebuleni nikihesabu vile vitaa vyekundu na vya kijani vya vifaa vinavyodai vimezimwa. Nilivikuta 11. Sasa, ilikuwa mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipotoa pendekezo kwamba kifaa kilicholala kisile zaidi ya wati moja, na wati moja ni kitu kidogo sana mpaka ukumbuke kwamba mwaka una saa 8,760, yaani kila kitaa cha namna hiyo, hata kikiwa na adabu zake zote, hula karibu uniti 9 kwa mwaka huku kikikutazama. Vitaa 11 ni uniti 96. Nilimwamsha binti yangu nimweleze. Alikubali hesabu, akanipongeza, kisha akauliza ni nani katika nyumba hii anayepasha pasi moto kila asubuhi kwa ajili ya shati moja, aiache ipoe, na kesho aipashe upya toka mwanzo. Swali hilo sikulijibu kwa sababu lilikuwa nje ya ajenda.

Nikahamia kwenye maji, ambako nilidhani hakuna fizikia. Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha tone moja kila sekunde, na mimi, kwa kuwa nimechoka kukosolewa, niliamua kuja na takwimu zangu. Siku ina sekunde 86,400, basi ni matone 86,400. Na kwa kipimo kilichozoeleka cha matone 20 kwa mililita moja, tunamwaga zaidi ya lita 4 kwa siku, ambazo kwa mwaka zinapita lita 1,500. Niliitisha kikao. Nilizungumza juu ya lita 1,500 kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nikaweka kikombe chini ya bomba, nikatoa amri kwamba maji hayo yatumike, na kwa wiki mbili mzima nilikuwa nikiamka saa nane za usiku kubadilisha kikombe, kwa sababu fundi angetaka fedha ilhali usingizi wangu ni wa bure.

Bili iliyofuata ilikuwa ileile. Mama watoto, ambaye katika kikao kile hakusema neno, alichukua rangi kidogo ya kupaka keki akaitia ndani ya tangi la choo, akatukataza wote kuvuta maji kwa nusu saa. Tuliporudi kutazama, maji ya kwenye bakuli yalikuwa na rangi ya zambarau. Tangi lilikuwa likivuja usiku na mchana, kimya kimya, bila tone la kusikika, na kwa mwendo wake lingeweza kumaliza zile lita zangu 4 kabla mtu hajatoka chooni. Kilichoharibika kilikuwa ni mpira mdogo wa kuzibia. Alinunua mpya, akaubadilisha mwenyewe, na tangu hapo kila ninapofungua mdomo kuhusu maji watoto hutazamana na mmoja wao hunong'ona, "Zambarau."

Dukani nako nina historia. Mimi ni mtu ninayependa punguzo. Nikiliona neno hilo limeandikwa kwa wino mwekundu, akili yangu hukaa chini na miguu hubaki kufanya maamuzi. Nilinunua jozi ya viatu vilivyopunguzwa asilimia 20, nikavipeleka nyumbani kama nyara za vita, hadi Mama watoto alipokumbuka bei yake ya mwezi uliopita. Ikawa hivi: kitu cha 100 kilipandishwa asilimia 25 kikawa 125, kisha kikapunguzwa asilimia 20, ambayo ni 25 kamili, kikarudi kwenye 100 yake kama mtu aliyetoka kutembea jioni. Nilikuwa nimeokoa sifuri, tena kwa foleni ya saa nzima. Na msinianzishie habari ya tangazo la "asilimia 50, kisha asilimia 20 zaidi", ambalo mimi nilijumlisha nikapata 70 na keshia akapata 60, kwa kuwa ile 20 hukatwa katika nusu iliyobaki. Niligombana na keshia hadi watu wa nyuma yangu wakaanza kumhurumia, na hakuna hata mmoja aliyenihurumia mimi.

Lakini kinachonikera zaidi, na hapa naomba nivumiliwe, ni mambo ya sabuni. Pakiti ya sabuni tunayotumia ilikuwa ya kilo moja. Siku moja ikaja na sura mpya, picha mpya na maneno "muundo bora zaidi", kwa bei ileile, nami nikaisifu kampuni kwa kutupenda. Ilichukua miezi kadhaa kabla sijasoma yale maandishi ya ukubwa wa sisimizi yaliyosema gramu 900. Ukiniuliza bei imepanda kwa kiasi gani nitakwambia asilimia 10, na nitakuwa nimekosea tena, maana kununua kilo kamili sasa kunanigharimu asilimia 11 zaidi na chembe. Bei haikuguswa; kilichopunguzwa ni sabuni, na hewa iliyojazwa badala yake haifui. Sasa sisomi tena bei ya pakiti. Nasimama mbele ya rafu na kalkuleta ya simu, nagawanya bei kwa gramu, na kwa njia hiyo nimegundua hata kwamba lile kopo kubwa lililoandikwa "la familia" wakati mwingine ni ghali kwa kila gramu kuliko makopo mawili madogo. Mlinzi wa duka amezoea kunifuata. Mtu anayekokotoa dukani kwa dakika 20 hafanani na mteja.

Halafu lipo toroli. Lilibuniwa na mfanyabiashara Sylvan Goldman huko Oklahoma City mwaka 1937, kwa sababu aliona wateja huacha kununua pale kikapu cha mkononi kinapokuwa kizito. Wateja wenyewe walilikataa mwanzoni, hadi akalipa watu wa kujifanya wateja na kulisukuma dukani ili wengine waige. Niliposoma habari hiyo niliapa kutolishika tena toroli maishani mwangu: nitabeba vitu mikononi, na mkono ukichoka, ununuzi umeisha. Mpango huo ulifanya kazi vizuri sana kwa safari moja. Katika safari ya pili nilidondosha chupa mbili za mafuta karibu na mlango, na waliovunja ndio wanaolipa.

Kwa upande wa benki nilidhani nina werevu. Niliogopa kutembea na fedha nyingi, kwa hiyo nilikuwa nikitoa kidogo kidogo, mara tano kwa wiki, nikijisifu kwa nidhamu, bila kufahamu kwamba ada hukatwa kwa kila safari na haijali kama umetoa nyingi au za nauli tu. Akaunti yenyewe ya akiba ilikuwa ikinipa riba ya asilimia 2 na kuninyang'anya ada ya uendeshaji, hivyo kila mwisho wa mwezi salio langu lilikuwa limepungua kwa kosa la kukaa kimya. Nao mfumuko wa bei haulali: ukigawanya 72 kwa asilimia ya mwaka unapata takriban idadi ya miaka ya bei kuongezeka maradufu, ambayo kwa bei zinazopanda asilimia 6 ni miaka 12 tu. Nilimweleza jambo hilo mwanangu mwenye umri wa miaka 12, akaniuliza kama yeye ndiye aliyesababisha.

Mkopo ndio ulionimaliza kabisa. Afisa wa mikopo, kijana mwenye tai na tabasamu, aliniambia riba ni asilimia 10 tu kwa mwaka, nami nikatia sahihi haraka kabla hajabadili mawazo. Tuseme nilikopa 1,200. Riba ni 120, jumla 1,320, nalipa 110 kila mwezi kwa miezi 12. Hesabu safi, haina doa. Doa alilileta mkaguzi mkuu wa hesabu wakati wa chakula cha jioni. Alisema riba hiyo ilipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, kana kwamba nimekaa na 1,200 zao mwaka mzima, wakati kila mwezi nilikuwa nikirudisha sehemu, na mwezi wa mwisho nilibaki na kama 100 tu mikononi mwangu huku nikilipia riba ya 1,200. Yule afisa angekuwa ananitoza riba juu ya deni linalobaki, makato yaleyale ya 110 yangehesabika kuwa karibu asilimia 18 kwa mwaka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema nilikuwa nimemwambia aende akalale.

Nilijua uwaziri wangu unayumba, kwa hiyo nikaamua kujisafisha kwa kitendo kikubwa: nitachapisha taarifa ya benki ya mwaka mzima na kupitia mstari mmoja mmoja mbele ya familia, ili kila mmoja ajieleze. Nilianza na Mama watoto. Mistari yake ilikuwa ya ada za shule, chakula na ule mpira wa tangi. Nikaja kwa watoto. Nikakuta kifurushi kimoja cha intaneti, ambacho walikuwa wamekinunua kwa ruhusa yangu. Ndipo kikaonekana kiasi kidogo, cha tarehe ileile kila mwezi, mara 12 mfululizo, kikienda kwa mtu tusiyemfahamu. Nilinyanyuka. Nilisema kwamba huu ni wizi wa mtandaoni, kwamba leo mtu atataja jina, kwamba sitakaa mpaka ukweli ujulikane. Binti yangu aliandika jina la mpokeaji kwenye simu yake, akasoma, akampa mama yake, naye akasoma, akaweka simu mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

Ilikuwa programu ya simu ya kufuatilia matumizi ya nyumbani. Nilikuwa nimeipakua mimi, siku 30 za mwanzo bure, nikaweka namba ya kadi kwa sababu iliomba kwa heshima, nikaitumia siku mbili na kusahau nenosiri. Kuifuta kwenye simu, kumbe, si kusitisha malipo. Na kuisitisha kulihitaji nenosiri, ambalo hutumwa kwenye barua pepe, ambayo nayo ina nenosiri lake, lililokuwa limehifadhiwa, kwa usalama zaidi, ndani ya programu ileile.

Mama watoto alipiga benki, akasitisha kadi, akaomba mpya. Kisha akaomba na daftari langu la wizara. Nililikabidhi bila hotuba, nikaondoka kwenda chumba cha nyuma, nikaketi gizani kuandika malalamiko haya kwa mwanga wa dirishani, maana hata waziri aliyetumbuliwa hapaswi kuwasha taa ovyo. Nilikuwa nimefika kwenye habari za sabuni alipoingia na kubonyeza swichi.

"Ni wati 9, Baba watoto," akasema. "Inachukua saa 111 kumaliza uniti moja. Andika ukiwa unaona."

Kisha akaniuliza kama nitatumia maji ya moto, na kama ndiyo, ni kikombe kimoja au birika zima.