Mafuta ya saa za kamani Nairobi: kuagiza Ulaya au kutumia ya cherehani?

Fundi wa saa za kamani anayefanya kazi River Road au Luthuli Avenue ana njia mbili za kupata mafuta. Anaweza kununua mafuta ya cherehani katika duka la jirani kwa bei nafuu, au aagize kutoka Ulaya mafuta maalumu ya saa ya chapa ya Moebius, ambayo aghalabu huuzwa kwa chupa za mililita 2 tu, kisha alipie usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Wanaoshika njia ya kwanza wana hoja, kwani mteja aliyeleta Seiko 5 kuukuu hatakubali kulipia ufundi fedha zinazokaribia bei ya kununua nyingine kama hiyo. Hali ya hewa pia iko upande wao. Sifa mojawapo ya mafuta ya kisasa ni kutoganda upesi kwenye baridi kali, na Nairobi, hata Julai, haina baridi ya namna hiyo.

Hata hivyo, suala kubwa ni mafuta kubaki pale yalipowekwa. Cherehani hutiwa mafuta mara kwa mara, ilhali saa hutarajiwa kukaa miaka kadhaa bila kufunguliwa. Tone linalowekwa kwenye kito, yaani kijiwe kigumu kinachoshika ncha ya ekseli, ni dogo mno, na likianza kutambaa, ncha ya ekseli hubaki kavu huku mtambo wa 7S26, uliomo katika Seiko 5 nyingi, ukiendelea kupiga mapigo 21,600 kila saa. Ekseli ikilika, fedha zilizookolewa kwenye mafuta huishia kwenye kipuri, kama kipuri chenyewe kitapatikana.

Wanaoagiza nao hukosea kwa kununua seti nzima kwa kufuata katalogi. Kila mafuta ya Moebius yana namba yake na mahali pake: 9010 ni mepesi na hufaa magurudumu yaendayo kasi pamoja na gurudumu la mizani; HP1300 ni mazito na hufaa sehemu zinazokwenda polepole zikiwa na mzigo mkubwa; grisi ya 9415, ambayo hulainika inapogongwa na kurudia mnato wake mara moja, huwekwa kwenye vito vya uma unaopokea mapigo ya gurudumu. Kwa maoni yangu, hizo tatu, pamoja na grisi ya kamani, zinamtosha fundi wa saa za kawaida. Akinunua zaidi, tarehe iliyoandikwa kwenye chupa itapita kabla hajafika nusu. Ndiyo maana naona mafundi wa mtaa mmoja wangeagiza pamoja na kugawana gharama, mradi mafuta yakishatolewa kwenye chupa yasirudishwe humo, na chupa zikae gizani. Mafuta yaliyogawiwa katika vichupa visivyo na jina wala tarehe ningeyaacha, hata yakiwa ya bei rahisi.

Yote haya hayana maana bila kusafisha. Tone la mafuta bora juu ya utando wa zamani huchanganyika na vumbi na kusaga chuma, kwa hiyo mteja asiye na fedha za kufunguliwa saa yote ni afadhali ashauriwe kuipumzisha kabatini hadi azipate.