Mguu Uliopona Polio Unapoanza Kuchoka Upya

Mwaka 2023, baada ya virusi vya polio kuthibitishwa mkoani Rukwa, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa sita iliyoendesha kampeni ya chanjo kwa watoto wa chini ya miaka minane. Ilikuwa sahihi kuwatanguliza watoto. Hata hivyo, wapo watu wazima waliougua polio utotoni, wakapona na kujitegemea, ambao baadhi yao huanza kudhoofu upya miaka 15 hadi 40 baadaye. Ushauri wanaoupata kwa kawaida ni kuongeza mazoezi. Wachache huambiwa wapunguze kazi, na ushauri huo huonekana kama kubembeleza uvivu.

Wanaohimiza mazoezi wana hoja. Misuli isiyotumika husinyaa, na jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2003 lilionyesha kuwa wagonjwa wa aina hii waliofanyisha mazoezi misuli ya kiganja kwa wiki 12 waliongeza nguvu bila dalili ya kupoteza seli za neva. Lakini hicho ni kiganja, tena kwa mazoezi yaliyopimwa, wala si paja linalobeba mwili kutwa nzima.

Upande wa pili, wa kupunguza kazi, haueleweki mpaka mtu atazame kilichotokea ndani ya uti wa mgongo. Virusi vya polio huua seli za neva zinazoamrisha misuli, na kila seli inapokufa, nyuzi za misuli ilizokuwa ikizihudumia hubaki yatima. Seli jirani zilizosalimika huchipua matawi mapya kwenye ncha za aksoni zao, yaani nyuzi ndefu zinazopeleka amri kwenye misuli, zikazifikia nyuzi hizo na kuzilea pamoja na za kwao, hata seli moja ikaweza kuhudumia nyuzi mara tano hadi nane ya zile za awali. Ndiyo maana misuli iliyopoteza karibu nusu ya seli zake huweza kupimwa ikaonekana ina nguvu kamili. Nusu hiyo ndiyo inayonishughulisha. Mtaalamu anausukuma mguu kwa mkono wake, mgonjwa anahimili, na kwenye faili panaandikwa kuwa nguvu ni ya kawaida, ilhali akiba yote imekwisha kutumika. Tena matawi hayo hayatulii, kwani hunyauka na kuchipua upya miaka yote, na maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba seli iliyolemewa kwa miongo hatimaye hushindwa kuyalisha, nayo hupukutika moja baada ya jingine.

Mtazame fundi cherehani wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, ambaye mguu mmoja umefungwa chuma na mwingine, ule unaoitwa mzima, ndio unaokanyaga pedali. Asubuhi mshono unakwenda moja kwa moja. Ikifika alasiri analisukuma goti kwa kiganja ili pedali ishuke. Mtu huyu hakukosa mazoezi. Kumwongezea kupanda ngazi jioni ni kuzitwisha mzigo seli zilezile zilizolemewa, na kwake ningeanza na cherehani ya mkono, mapumziko kabla misuli haijachoka, kisha mazoezi mepesi ambayo hupunguzwa mara moja iwapo uchovu wake bado upo kesho yake asubuhi. Nguvu zake nazo zipimwe alasiri, akishatoka kazini.