Sheria tumezipata, maslaha je?

Kila mwanamke akiuawa, barazani huku Mombasa hazikosi pande mbili, wale wa kusema wanaharakati wa haki za wanawake ndo wametuvunjia nyumba kwa sheria za wafadhili, na wale wa kusema bila wao tungekuwa bado tunazika tukinyamaza. Wote wana kaukweli, lakini si sawa kwa sawa.

Chukua Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 hapa Kenya. Mswada aliuleta Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, na nyuma yake wanawake washapiga kelele miaka. Wabunge wakaukatakata, kipengele cha mume kumbaka mkewe kikatolewa, halafu kikachomekwa kifungu cha 38, ati ukishtaki na ikaonekana umesema uongo unapewa adhabu ileile ambayo angepewa uliyemshtaki. Sasa wee fikiria msichana wa Kisauni anaingia kituoni na hiyo iko kichwani, si afadhali arudi zake nyumbani! Wanawake hawakulala na hicho kifungu, kikafutwa 2012. Mimi hapo ndo naona nguvu yao, kupitisha mswada ni siku moja, kurudi kuusafisha ndo kazi. Ikaja ya 2015 ya dhuluma za nyumbani, hiyo inagusa hadi mtu kunyimwa pesa za matumizi, na inamlinda mwanaume pia, sijui kwa nini wale wa "boychild", wanaosema mtoto wa kiume amesahaulika, huwa hawafiki ukurasa huo.

Lakini kuna pahali wanaolalamika wako sawa. Msichana wa miaka 16 na mvulana wa 18 wamependana, baba mtu akakasirika, kifungu cha 8 cha ile sheria ya 2006 kinasema kijana ni miaka 15 ndani si chini. 2019 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa walisema umri wa ridhaa, yaani wa kukubali ngono kisheria, ujadiliwe, ushuke hadi 16. Wanaharakati wengi wakakataa, na mi naelewa, ukishusha umri unamfungulia mlango mzee wa miaka 50. Ila si mngetetea basi vijana wa rika moja watolewe kwa hicho kifungu, umri ubaki hapohapo? Kunyamazia hilo kunawapa wapinzani silaha ya bure.

Na ile ya kuvunja nyumba, jamani, kwetu tatizo si sheria kuingia nyumbani, ni kwamba haifiki. Mahakama maalum ya kesi za dhuluma za kijinsia tunayo Shanzu tangu 2022, lakini mtoto akinajisiwa wazee wanakaa maslaha, yaani kumalizana nje ya mahakama, pesa inatoka, shahidi anapelekwa kwa nyanya yake mashambani, kesi inakufa. Wakati kifungu cha 40 cha sheria hiyo ya 2006 kinasema kusimamisha kesi kama hizo si kazi ya polisi wala familia, ni ya mwanasheria mkuu, siku hizi DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Kifungu hicho nani ashakisoma msikitini ama kanisani, ama kwa baraza la chifu? Maandamano ya Januari 2024 ya kupinga mauaji ya wanawake yalikuwa mazuri, na huku Mombasa watu walitoka, lakini wale wazee wa maslaha hawakuwa barabarani siku ile, wako Likoni na Changamwe wanaendelea na vikao vyao.