Nairobi hadi Pwani na mtoto mchanga: mimi naichagua treni

Desemba inapokaribia, wazazi wenye watoto wachanga huanza kuulizana ni usafiri upi uwafikishe Pwani, na kwa kawaida jibu huwa ni la saa: ndege haimalizi saa moja, treni huchukua kama saa tano au sita, basi hupita saa nane. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo humfaa anayesafiri na begi moja mgongoni. Mwenye mtoto wa miezi minane ana maswali mengine mawili ya kujiuliza kwanza: mtoto akianza kulia, nitaweza kuinuka naye? Na nikishashuka, nitafikaje ninakolala?

Basi hushindwa katika swali la kwanza. Ukishaketi umeketi, mtoto yuko mapajani, na nepi hungoja mpaka dereva asimame Mtito Andei.

Ndege ina sifa zake, ingawa watu huisifu kupita kiasi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa, na ndege inaposhuka ndipo masikio humuuma zaidi, kwa hiyo ni vyema ziwa au chupa ihifadhiwe kwa wakati huo badala ya kuimaliza wakati wa kuruka. Anayekwenda Diani, kusini mwa Mombasa, akiwa na uwezo wa kulipia ndege ya kutoka Wilson hadi Ukunda, sina la kumpinga, kwa kuwa hoteli ziko karibu. Akitua Mombasa, bado ana safari ya Likoni na foleni ya feri, au mzunguko wa barabara ya Dongo Kundu, na ile saa moja aliyojivunia imekwisha kuzaa nyingine.

Gari la nyumbani huwavutia wengi kwa sababu mnasimama mnapotaka, nami ningelikubali kwa sharti moja tu: mtoto awe na kiti chake, kimefungwa nyuma, kikitazama upande wa nyuma wa gari. Mama kumpakata kiti cha mbele katika barabara ya Mombasa, katikati ya malori yanayopitana, ni jambo nisiloweza kulitetea hata kwa mwendo wa pole, kwa maana hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto gari linapogonga.

Imebaki treni, ambayo tangu mwaka 2017 imenipa jibu la swali la kwanza kuliko usafiri mwingine wowote. Mtoto akichoka kukaa, unambeba kwa leso na kutembea naye kati ya viti hadi mwisho wa behewa na kurudi. Mkipita Tsavo, unamsimamisha dirishani akapiga kioo kwa viganja, awaone tembo wenye vumbi jekundu au asiwaone. Choo kimo ndani. Daraja la kwanza lina viti viwili kila upande, na hapo nyongeza ya nauli ina maana, kwani katika daraja la kawaida abiria hukaa wakitazamana, magoti yakigusana, na chupa ya uji ikimwagika humwagikia jirani.

Kero ya treni iko kwenye ncha zake. Syokimau, kwenye stesheni ya Nairobi, mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa usalama wainuse, kisha kuna foleni ya mashine, kwa hiyo mzazi mmoja ashike mtoto na mwingine ashughulike na mabegi. Miritini nako, kwenye stesheni ya Mombasa, ni nje ya mji. Afadhali mpatane na dereva wa teksi mapema, tena mhakikishe kwamba mikanda ya nyuma inafanya kazi ili kile kiti cha mtoto kifungwe.

Treni ya usiku siiafiki, hata kama watu husema mtoto atalala njia nzima. Huenda akalala kweli, lakini hufika Miritini kabla ya alfajiri, mtoto akaamshwa usingizi ukiwa mtamu, na hoteli nyingi hazitoi chumba mpaka adhuhuri ipite.